Mcheza kwao hutuzwa, na aliyecheza mtandaoni je?

Katika harusi zetu za Pwani, mwimbaji wa taarab hangoji tuzo yake. Ubeti ukimgusa mtu, huinuka kitini, akajipeleka mbele taratibu kwa mwendo wa ngoma, na noti ikatua mkononi mwa mwimbaji wimbo ukiwa bado unaendelea. Hakuna fomu ya kujaza wala "tutakupigia simu". Wazee waliposema mcheza kwao hutuzwa, walikuwa wakisema jambo waliloliona kwa macho yao.

Mpwa wangu hakucheza kwao. Ana umri wa miaka 19, anaishi na mamake Kisauni, na mwaka uliopita alishika nafasi ya pili katika shindano la kuandika programu za kompyuta lililoandaliwa na jumuiya moja ya mtandaoni. Zawadi ya nafasi hiyo ilitangazwa wazi: dola 300, ambazo kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi 38,000, pamoja na fulana yenye nembo ya shindano. Jina lake likawekwa kwenye orodha ya washindi na pongezi zikamiminika. Sasa ni mwezi wa kumi na moja, na hajaona dola wala fulana.

Alinijia Ijumaa moja baada ya swala.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Akaketi, akanionyesha simu yake. Alikuwa ameandika barua pepe nne na kupata jibu moja tu: avumilie, mdhamini bado hajatoa fedha. "Mjomba, wewe ni mtu wa kuandika," akasema. "Nisaidie niandike ya tano."

Dada yangu naye alikuwa na yake. Fedha zile alikuwa ameshazipangia. Sehemu ilikuwa ya karo ya binti yake mdogo, na zitakazobaki zingenunua betri ya laptopu, maana aliyonayo kijana ikichomolewa umeme huzimika papo hapo. Fedha zilipokosekana, karo ilikopwe kwenye chama, na mkopo huo bado analipa. "Kaka, mimi nilimwambia tangu mwanzo," akaniambia kwa simu. "Usiku kucha macho kwenye kompyuta, ati anashindana na watu wa China na Urusi. Hiyo si kamari tu?"

Neno hilo la kamari ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wako vijana wengi Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale wanaoshiriki mashindano kama haya, na wako wazazi wengi wasiojua watoto wao wanafanya nini. Inafaa tuelewe mashindano yenyewe ni nini, zawadi ikitangazwa ina uzito gani, kwa nini hukwama, na mtu afanye nini ikikwama.

Si kamari

Mimi nilisomea uhasibu kwa kiwango cha diploma, si kompyuta. Kwa hivyo nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mtu wa barazani.

Mshiriki hupewa maswali kadhaa. Swali moja laweza kuwa hivi: una lori lenye uwezo wa kubeba uzani fulani, na mbele yako kuna mizigo mingi, kila mmoja una uzani wake na thamani yake. Upakie ipi ili thamani iwe kubwa kabisa bila kuzidisha uzani? Huombwi ujibu kwa lori moja. Waombwa uandike programu itakayojibu kwa lori lolote na mizigo yoyote, tena kwa muda mfupi, pengine sekunde moja au mbili. Ukishaituma, mashine huijaribu kwa mifano ambayo wewe huioni. Ikikosea mmoja tu, au ikichelewa, huna kitu. Hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani wala umesoma wapi.

Majukwaa yenyewe ni mengi. Topcoder ilianza Marekani mwaka 2001. Codeforces ilianzishwa na watu wa Chuo Kikuu cha Saratov nchini Urusi, na huendesha mashindano ya kama saa mbili hivi mara kwa mara. Kaggle, iliyoanza 2010 na kununuliwa na Google mwaka 2017, hushughulikia uchambuzi wa data, na Zindi, iliyoanza 2018, hufanya kazi kama hiyo kwa matatizo ya Afrika. Shindano analolidai mpwa wangu halikuwa la yeyote kati ya hao, na sitalitaja jina kwa kuwa shauri lake bado halijaisha.

Mashindano mengi ya Codeforces huanza saa kumi na moja na dakika 35 jioni kwa saa za Moscow, na saa za Moscow ni sawasawa na zetu. Maana yake ni kwamba Maghrib huingia katikati ya shindano. Mpwa wangu huiacha saa ikikimbia, akaswali, akarudi, na wenzake duniani wakawa wamemtangulia dakika kumi. Hata hivyo amepanda ngazi. Nilimwambia dada yangu: mcheza kamari huweka pesa akangoja bahati, lakini huyu huweka akili na jasho, na nafasi aliyopata ameifanyia kazi.

Dada yangu akanijibu, "Sawa, lakini aliyefanya kazi si hulipwa?"

Sikuwa na la kumwambia. Hapo ndipo ulipo ubaya wa zawadi isiyofika. Kijana ametoa usiku wake, umeme wa mamake na bandoli za intaneti. Asipopewa alichoahidiwa, kwa mzazi anayetazama kwa nje hakuna tofauti tena kati yake na aliyepoteza pesa kwenye ubashiri wa mpira.

Zawadi iliyotangazwa ni deni

Waandaaji wengi hujitetea kwamba zawadi ni hisani, na hisani hailazimishwi. Utetezi huo haukuanza leo. Mwaka 1891 kampuni moja ya London iliuza kifaa cha kuvutia moshi wa dawa, ikatangaza magazetini kwamba yeyote atakayekitumia kama ilivyoelekezwa kisha akapata homa ya mafua atalipwa pauni 100, na kwamba pauni 1,000 zimewekwa benki kuonyesha kuwa haifanyi mzaha. Bibi mmoja, Louisa Carlill, akakinunua, akakitumia, akaugua mafua. Kampuni ikakataa kulipa, ikasema lile lilikuwa tangazo la biashara tu, na kwamba mtu hawezi kufunga mkataba na dunia nzima. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikaukataa utetezi huo. Ukitangaza kwa watu wote kwamba atakayefanya jambo fulani atapata kitu fulani, na mtu akalifanya, umefunga naye mkataba.

Kesi hiyo yatuhusu hata sisi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23 ya Sheria za Kenya, yasema kwamba kanuni za Uingereza kuhusu mikataba zinatumika hapa pale ambapo sheria yetu haikuweka vingine.

Na kabla ya Waingereza, wanazuoni wetu walikuwa na mlango mzima wa fiqhi unaoitwa ju'ala, yaani ahadi ya ujira kwa yeyote atakayekamilisha kazi fulani. Wenye kufuatilia darsa wanakumbuka kisa cha Nabii Yusuf, pale kikombe cha mfalme kilipopotea na ikaahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayekileta. Mimi si shekhe, na hukumu ya kila aina ya shindano waulizwe wenyewe. Ila msingi wake twaujua sote: mwenye kuahidi ujira, kazi ikishakamilika, ana deni. Kwetu hata mtoto wa madrasa akiambiwa "ukihifadhi juzuu nitakupa baiskeli" huja kuidai baiskeli yake, na hakuna mzazi amwambiaye ile ilikuwa hisani.

Waliochelewesha, waliolipa, walioacha mapema

Tabia ya kumzungusha mshindi ni ya kale. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza lilitangaza tuzo ya hadi pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kuwawezesha mabaharia kujua wako umbali gani mashariki au magharibi wakiwa katikati ya bahari. John Harrison, fundi seremala aliyejifunza mwenyewe kutengeneza saa, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye kazi hiyo. Saa yake ya nne ilipelekwa Jamaica katika safari ya 1761 na 1762, na baada ya wiki nyingi baharini ilikuwa imechelewa kama sekunde tano tu. Waliokabidhiwa tuzo wakasema labda ni bahati, wakataka jaribio jingine. Jaribio la pili nalo likafaulu. Hapo yakaja masharti mapya: atoe siri ya saa, azikabidhi saa zake, na atengeneze nyingine. Mwaka 1765 akaambulia nusu, pauni 10,000. Nyingine 8,750 alizipata mwaka 1773, tena kutoka Bungeni, baada ya mfalme mwenyewe kuingilia kati. Alikuwa na umri wa miaka 80, na baada ya miaka mitatu akafariki.

Kosa kubwa pale lilikuwa kubadilisha masharti mchezo ukishachezwa, zaidi hata ya kule kuchelewa. Ndilo kosa lile lile la mwandaaji wa leo anayemwambia mshindi, baada ya matokeo kutoka, "kwanza tungoje mdhamini".

Wako waliofanya vizuri. Mwaka 2006 kampuni ya Netflix ilitangaza dola milioni 1 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 programu yao ya kukisia filamu gani mtazamaji ataipenda. Mwaka 2009 makundi mawili yalifika na alama zilizolingana kabisa. Kanuni zilikuwa zimeandikwa tangu mwanzo: wakilingana, aliyetangulia kutuma ndiye mshindi. Kundi moja lilikuwa limetangulia kwa dakika 20. Zawadi ikatolewa Septemba mwaka huo huo. Kampuni hiyo ilikuwa imetangaza pia shindano la pili, lakini mwaka 2010 malalamiko kuhusu siri za wateja yalipozidi ikalifuta kabla halijaanza. Watu walisikitika, ila hakuna aliyekuwa amefanya kazi ya bure.

Hata fulana zina funzo lake. Shindano la Code Jam la Google, lililoanza 2003 na kufungwa 2023, kwa miaka mingi lilitoa fulana kwa washindi 1,000. Fulana hiyo haiuzwi dukani, na kwa kijana wa fani hii kuivaa ni kama kuvaa cheti. Upande mwingine kuna Hacktoberfest, iliyoanza 2014, ambapo kila Oktoba waliochangia marekebisho katika programu za wazi walipewa fulana. Mwaka 2020 watu wakamiminika na marekebisho ya ovyo ovyo ili wapate nguo tu. Mwaka 2022 waandaaji wakaweka kikomo: watu 40,000 wa kwanza, wachague fulana au kupandiwa mti. Mwaka 2023 wakaondoa fulana kabisa, wakabakisha beji ya mtandaoni. Wengine walinung'unika, lakini walijua kabla ya kuanza kazi watapata nini. Mwandaaji ana haki ya kupunguza zawadi au kuiondoa, mradi aseme kabla watu hawajaingia uwanjani.

Kwa nini hukwama

Si kila zawadi iliyochelewa imedhulumiwa. Nimeuliza, nimesoma kanuni za mashindano kadhaa, na sababu zenyewe naona ni hizi.

Ya kwanza ni mdhamini. Jumuiya nyingi hazina fedha zao. Hutangaza zawadi kwa kutegemea kampuni iliyoahidi kutoa, kampuni ikajitoa au ikafilisika, na mshindi akabaki ananing'inia. Lakini mshindi hakuahidiana na mdhamini, aliahidiana na aliyetangaza. Hayo mengine wamalizane wao kwa wao.

Ya pili ni kodi. Mlipaji wa Marekani humtaka mtu asiye Mmarekani ajaze fomu iitwayo W-8BEN, na sheria ya kule yaweza kukata asilimia 30 ya zawadi inayohesabiwa kuwa imetoka nchini humo. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kupunguza kiwango hicho. Fomu isipojazwa, fedha hazitoki.

Ya tatu ni njia ya malipo na majina. Tangu 2018 mtu aweza kuhamisha fedha kutoka PayPal hadi M-Pesa, jambo lililowarahisishia wengi. Lakini majina yetu sisi! Kitambulisho kimeandikwa Mohamed, cheti cha kuzaliwa Muhammad, na akaunti ya benki Mohammed. Kwetu ni mtu mmoja, ila kwa mashine ni watu watatu. Na wapo washindi wa miaka 16 na 17 ambao hawana kitambulisho kabisa. Hao hulazimika kulipwa kupitia mzazi, na mzazi lazima atie sahihi.

Ya nne ni anwani. Msafirishaji wa vifurushi ataka nambari ya nyumba na jina la barabara. Sisi twaishi "nyuma ya msikiti, mkabala na duka la mahamri, uliza kwa mama fulani". Sanduku la posta ni la shule au la afisi ya babu. Kifurushi kikifika nchini hukutana na forodha, na fulana ya bure yaweza kudaiwa ushuru pamoja na VAT ya asilimia 16. Kisipochukuliwa kwa wakati, hurudishwa kilikotoka.

Ya tano ni nchi zilizoachwa nje. Mashindano ya Marekani kwa kawaida huwakataa wakaazi wa nchi zilizowekewa vikwazo, kama vile Iran, Cuba na Korea Kaskazini. Kwa miaka mingi hata jimbo la Quebec nchini Kanada liliachwa nje, kwa sababu sheria yake iliwataka waandaaji wajisajili, walipe ada, na kwa zawadi kubwa waweke dhamana. Waandaaji wengi waliona ni usumbufu, wakawafungia mlango watu wa huko, mpaka masharti hayo yalipoondolewa Oktoba 2023. Kenya haimo kwenye orodha hizo, lakini kila shindano lina kanuni zake, na mtu ataka kuzisoma kabla, si baada ya kushinda.

Kijana afanye nini

Kabla ya kushiriki, soma ni nani hasa anayetoa zawadi, yuko nchi gani, atalipa kwa njia gani na kwa muda gani. Shindano lisilotaja hata kimoja kati ya hivyo, cheza kwa kujifunza tu na usiipangie karo zawadi yake.

Ukishinda, piga picha ya skrini ya orodha ya matokeo na ya ukurasa wenye zawadi siku hiyo hiyo, maana kurasa hubadilishwa. Tazama pia kwenye kasha la barua taka. Kuna washindi walioandikiwa barua pepe yenye siku 14 au 30 za kujibu, ikalala huko mpaka muda ukapita.

Tumia jina lililo kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Kwa vifurushi, omba anwani ya duka au afisi ya mtu unayemwamini, na uweke nambari ya simu.

Usitume pesa ili upewe zawadi. Kujaza fomu ya kodi ni jambo la kawaida, lakini anayekwambia utume "ada ya kutoa zawadi" ni ndugu wa wale wanaotutumia ujumbe wa "umeshinda" kwenye simu.

Ukicheleweshewa, andika kwa adabu lakini kwa uwazi. Barua ya tano ya mpwa wangu tuliiandika hivi: nilishika nafasi ya pili katika shindano lenu la tarehe fulani, mlitangaza dola 300 na fulana, picha za matokeo na tangazo lenu nimeziambatisha, nimewaandikia mara nne, naomba mniambie tarehe ya malipo ndani ya siku 14, la sivyo nitauliza swali hili hili mbele ya wanachama wote. Haina matusi wala haibembelezi.

Mwandaaji akiwa hapa Kenya, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na hulazimiki kuwa na wakili. Akiwa ng'ambo, ukweli ni kwamba dola 300 hazitoshi kumfuata mtu mahakamani kwao. Silaha iliyobaki ni wanachama wenzako. Jumuiya hizi huishi kwa sifa, na mwandaaji asiyelipa akijulikana, shindano lake lijalo halitapata washindani wa maana. Lakini hilo hutokea tu walioshinda wakisema. Wengi hunyamaza kwa haya, wakiona ni aibu kudai.

Nasi tujitazame

Singependa kumaliza kana kwamba dhuluma hii ni ya watu wa mbali. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kamati ya mashindano ya mpira mtaani kwetu. Mheshimiwa mmoja alikuwa ametuahidi mipira na jezi za washindi, nasi tukatangaza kwa kipaza sauti. Fainali ikachezwa, picha zikapigwa, mheshimiwa akaacha kushika simu. Vijana wakawa wakinisimamisha njiani: "Ami, jezi zetu vipi?" Nami nikawajibu vile vile alivyojibiwa mpwa wangu, kwamba tunamngoja mdhamini. Baada ya miezi minne tukachanga wenyewe tukanunua. Siku ya kuzigawa, mlinda mlango wao alikuwa ameshasafiri kwenda Qatar kutafuta kazi. Jezi yake nilikaa nayo mwaka mzima nyumbani, kila nikiiona nikainamisha macho.

Siku hizi hakathoni zimekuwa nyingi hapa Pwani. Kijana hupigwa picha na hundi ya bango inayomzidi kimo, kisha hufuatilia hela zenyewe miezi kwa miezi. Ombi langu kwa waandaaji wa hapa na wa mtandaoni ni moja tu: tangazeni kile ambacho tayari kiko mkononi. Fedha ziwe benki kabla bango halijachapishwa. Kama hazipo, semeni shindano ni la kujifunza, na vijana watakuja vile vile, kwa kuwa wengi wao hupenda kazi yenyewe.

Barua ya tano ilitumwa Jumatatu. Mpwa wangu mchana sasa anaendesha tuktuk ya mtu ili asaidie kulipa mkopo wa chama, na jioni, umeme ukiwepo, bado hukaa na maswali yake. Mamake hajamkataza, ila hamwulizi tena amekuwa wa ngapi. Akilipwa nitawaarifu hapa hapa, kama nilivyowaarifu kwamba hajalipwa.